Kuziba Nyufa za Tamarisk

Jumamosi asubuhi Philippa Threlfall alikuwa mlangoni akimfunga baba yake vifungo vya koti, mara mzee akageukia ngazi za kwenda juu akapaza sauti: "Winifred! Tutachelewa, mke wangu! Hivyo viatu unavivaa au unavishona?"

Philippa akashusha mikono. "Baba. Mama amefariki."

"Amefariki? Lini?"

"Mwaka juzi. Tulimzika pamoja, mimi na wewe."

Ungeuona uso ule, ndugu yangu, usingetamani kuuona tena. Mzee Aubrey alikaa kwenye ngazi ya chini, koti limefungwa nusu, akalia kama mtu anayepewa habari kwa mara ya kwanza, maana kwake ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Jumanne ilikuwa mara ya kwanza pia. Wiki ya kabla yake, vilevile. Maskini mgane yule, alikuwa na mke mmoja tu na alifiwa naye kila wiki.

Usimwone Philippa katili. Alikuwa mfamasia, ana duka lake la dawa pale Shrewsbury, Uingereza, na kwenye kazi hiyo nukta ya kipimo cha dawa ikihama mahali pake mtu anazikwa. Kosa unalisahihisha papo hapo, hulipaki sukari. Hata marehemu mama yake alimlea hivyo: uongo ni uongo tu, hata ukiuvalisha nguo ya harusi. Basi kila mzee aliposema jambo lisilo kweli, binti alilinyoosha. Leo si Alhamisi, Baba, ni Jumamosi. Hilo si kabati la nguo, Baba, ni jokofu. Mama amefariki, Baba. Alidhani akinyoosha vya kutosha, na akili ya mzee nayo itanyooka. Wapi!

Na siku hiyo alikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi. Zamani, Philippa akiwa bado msichana wa shule, Aubrey Threlfall alikuwa mtu wa kutazamwa na nchi nzima. Alikuwa Nahodha Harrow wa *Tamarisk*, mchezo wa televisheni wa watu waliopotea angani na chombo chao. Chombo chenyewe kilikuwa maboksi, gundi na rangi ya fedha. Bunduki ya Nahodha ilikuwa kikamulio cha malimau. Lakini kila Jumatano jioni barabara zilikuwa tupu, na watoto walilala taa inawaka. Miaka ishirini baadaye bado kulikuwa na watu walioipenda *Tamarisk* kama ndugu yao wa damu, nao hukutana kila mwaka mwezi wa Novemba kwenye hoteli moja kule Wolverhampton. Mwaka huo walimwalika Nahodha mwenyewe. Mzee aliitikia kwa simu kabla binti hajajua kitu, na ajabu ya Mungu, yeye anayesahau kama amekunywa chai, hilo hakulisahau hata siku moja. "Wolverhampton ni lini, Pippa?" Kila asubuhi, kwa jina lile la utotoni la Philippa.

Sasa Philippa aliwajua watu hao tangu utotoni. Barua zao zilikuwa zikija nyumbani, na baba alizisoma mezani wakati wa chai ya asubuhi huku akicheka mpaka mayai yanapoa. Mpendwa Bwana Threlfall, uliingia mlangoni mkono wa kushoto ukiwa umefungwa bandeji, ukatokea upande wa pili bandeji iko mkono wa kulia. Mpendwa Bwana Threlfall, sayari ya Okuna ilikuwa na mwezi mmoja, wiki hii ina miezi miwili, tafadhali tufafanulie. Watu wa kuona kifungo kimoja kilichohama! Na sasa unawapelekea mzee ambaye hajui mke wake yuko wapi, unampandisha jukwaani. Watamcheka, Philippa aliwaza. Wakimcheka pale, mahali pekee alipobaki kuwa mtu, hatainuka tena.

Njiani alimpa masharti. "Ukiulizwa kitu usichokumbuka, Baba, usijibu. Tabasamu tu."

"Mimi ni mwigizaji, mwanangu," mzee akasema, machozi ya asubuhi yamekauka na wala hakumbuki kwamba alilia. "Nimekuwa nikitabasamu kwa mshahara tangu wewe hujazaliwa."

Hotelini walipokewa na mwenyekiti wa chama, Clive Birtwistle, mtu mwenye upara na sauti ya kukagua tiketi, maana kazi yake ilikuwa mkaguzi wa mabasi. Alivaa sweta ya kahawia yenye ukosi mrefu, sweta ya Nahodha Harrow. Nyuma yake walisimama watu wengine wengi na sweta hizo hizo, wanene kwa wembamba, utadhani kiwanda kimefungwa, wafanyakazi wakalipwa nguo. Wote walifumiwa na mama mmoja kutoka Wales, Olwen Prosser, ambaye siku za kazi huwapakulia wanafunzi chakula shuleni.

Mzee alimtazama Clive kutoka juu mpaka chini, uso ukachanua. "Gerald! Umenyoa nywele!"

Philippa alijua Gerald ni nani. Alikuwa mwongozaji wa *Tamarisk*, na amekufa siku nyingi. "Baba, huyu ni Bwana Clive," akamkatiza haraka. "Samahani sana, Bwana Clive. Ana mafua. Amechoka na safari."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, lakini nani hajawahi kuficha? Clive alimtazama mzee, akamtazama binti, halafu akaupapasa upara wake.

"Ziliniwasha, Nahodha," akasema. "Karibu. Chai ipo."

Kuanzia hapo Clive akaitwa Gerald, naye akaitika. Philippa alimsahihisha baba yake mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne Clive mwenyewe akamwambia pembeni, "Dada, acha tu. Nyumbani kwangu naitwa mabaya kuliko hilo."

Baada ya chakula cha mchana, soseji zilizoviringishwa kwenye mkate na viazi vya kukaanga, watu wakaingia ukumbi mkubwa kwa mchezo ambao ndio hasa uliowatoa makwao. Nahodha akaketishwa jukwaani kwenye kiti cha mikono kama mwamuzi. Mbele yake, juu ya kitambaa cha bluu, paliwekwa tuzo: kile kikamulio cha malimau chenyewe, kilichookolewa jalalani na mfagizi wa studio siku *Tamarisk* ilipofutwa. Walikiita Limau la Fedha.

Philippa alikaa mstari wa mbele, kando ya Olwen, aliyekuwa anafuma bila kuangalia mikono yake.

"Wanacheza nini?" akauliza.

"Kuziba ufa," Olwen akasema. "Mtu anatoa kosa aliloliona kwenye kanda. Wengine wanalitafutia maelezo. Anayeziba vizuri kuliko wote anachukua Limau."

"Maelezo gani?"

"Ya ndani, mwanangu. Ya ndani ya *Tamarisk*. Kuna sheria mbili tu. Ya kwanza, kilichoonekana kimeonekana. Huwezi kusema hakikutokea. Ya pili, hakuna aliyekosea. Ukisema 'watengenezaji walikosea', umekwisha."

"Lakini si walikosea?"

"Sss!" Olwen akageuka nyuma kuona kama kuna aliyesikia.

Clive akapiga meza. "Ufa upo!"

Ukumbi mzima ukaitika: "Uzibwe!"

Wakaanza. Msichana mwembamba akasimama akatoa ufa wa mlango wa chumba cha mitambo, ambao hufunguka kwa ndani wiki hii na kwa nje wiki ijayo. Mzee mmoja akauziba: chombo kikigeuka kukimbia nyota, nje huwa ndani. Makofi. Mwingine akatoa ufa wa askari Bolan, aliyekufa akiungua mbele ya macho ya watu, akaonekana tena wiki mbili baadaye anakula supu kantini. Hapo pakatokea mabishano. Wapo waliosema ni pacha wake. Wapo waliosema supu ile ndiyo dawa. Jamaa mmoja mwenye ndevu za kufika kifuani, amevaa mavazi ya mlinzi wa anga yaliyombana tumboni, akasema kwa upole mkubwa kwamba Bolan hakuwa na mtu wa kumlilia, na huko angani asiyeliliwa hapewi ruhusa ya kufa. Ukumbi ukapiga makofi marefu. Nahodha alipiga makofi kuliko wote.

Kisha ukaja ufa wa kikombe. Katika sehemu moja, chombo kiko mwisho kabisa wa anga, mahali ambapo hajawahi kufika binadamu, na kwenye meza ya rubani kuna kikombe cha chai kina picha ya mnara wa Blackpool, mji wa pwani huko huko Uingereza.

"Jamani, mtu wa studio alikisahau tu!" Philippa akaropoka.

Lo! Ukumbi ulilipuka. "Chujio! Chujio! Chujio!" Watu wanapiga miguu chini. Clive akashuka jukwaani kwa mwendo wa msiba, amebeba chujio la bati la kuchujia mboga lililopakwa rangi ya bluu. Kofia ya adui mkuu wa *Tamarisk*, mnaona wenyewe bajeti ilivyokuwa. Akamvisha Philippa kichwani.

"Mpaka mwisho wa mchezo, dada. Sheria ni sheria. Hata wakili wa mji alivaa mwaka jana."

"Pippa!" mzee akaita kutoka jukwaani, anacheka mpaka anashika mbavu. "Adui mkuu ni binti yangu! Nilijua tu!"

Ilikuwa miezi mingi Philippa hajamsikia baba yake akicheka hivyo. Akakaa na chujio lake, masikio yamekuwa mekundu. Alianza kufikiri labda siku itapita salama.

Ndipo Clive akasema sasa ni zamu ya mwamuzi kusema mawili matatu kabla ya kumtaja mshindi.

Mzee akasimama. Mgongo ukanyooka wenyewe, mkono ukaingia mfuko wa koti, na sauti ikatoka ile ile ya Jumatano jioni, nzito, haina haraka. Aliwashukuru. Aliwasimulia jinsi chombo kilivyowahi kushika moto kwa taa za studio, na yeye akaendelea kusema maneno yake huku mfagizi anakizima kwa ndoo. Watu walimeza kila neno.

"Na Marguerite anaomba radhi," mzee akaendelea. "Nimeongea naye asubuhi hii. Yuko kwenye treni, amekwama mahali, lakini anakuja. Tutamngoja, au sio?"

Sindano za Olwen zikasimama.

Marguerite Quayle ndiye aliyeigiza Daktari Imka, mwenzake Nahodha katika kila hatari. Alikuwa amekufa miaka mitano nyuma. Kila mtu ndani ya ukumbi ule alijua. Chama kilipeleka shada la maua, Olwen alisafiri na mabasi matatu kwenda kumzika, na picha yake yenye utepe mweusi ilining'inia ukutani, hatua chache kutoka pale mzee aliposimama. Ukumbi ulikuwa kimya hata maji ya chai yakasikika yakichemka nyuma kwenye birika kubwa.

Mzee aliona kimya kile. Mtu aliyeishi jukwaani husahau kila kitu lakini kimya cha ukumbi hakisahau. Mkono wake ukatoka mfukoni, ukapapasa kiti. "Nimesema nini?" akauliza, na haikuwa tena sauti ya Nahodha. "Nimekosea kitu? Pippa?"

Philippa akasimama. Alikuwa na jibu tayari mdomoni, lile lile la kila siku: Baba, Marguerite amefariki. Atalisema, atapanda jukwaani amshike mkono, watoke kwa mlango wa nyuma, na yaishe. Chujio lilikuwa bado kichwani.

Olwen akamkamata mkono wa sweta. "Keti, mwanangu."

"Niache, Bi Olwen. Lazima nimwambie."

"Keti, nakuomba."

Na Clive, pale jukwaani, akapiga meza. Alipiga kwa nguvu kuliko mara zote. "Ufa upo!"

Sekunde moja hakuna aliyeelewa. Halafu wakaelewa wote kwa pamoja.

"Uzibwe!"

Yule mwenye ndevu alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. "Nahodha, katika sehemu ile ya 'Kisima cha Vioo' Daktari Imka aliingia kwenye mlango wa wakati. Tulimwona anaingia. Hatujaonyeshwa hata mara moja akitoka. Kwa hiyo bado yuko safarini. Nahodha anasema treni, sisi tunasema mlango. Njia ni moja."

"Umezibwa nusu," Clive akasema. "Nahodha ameongea naye asubuhi hii. Nani anaziba asubuhi?"

Msichana mwembamba akasimama, uso umelowa, sauti imenyooka. "Saa za mle mlangoni hazifuati zetu. Asubuhi moja tu inatosha kwa mazungumzo yote. Akiongea naye mara moja, ameongea naye kila asubuhi."

"Na kwa nini hajafika?"

Olwen akainuka. Sindano za kufumia zilikuwa bado mkononi. "Kwa sababu Daktari Imka siku zote huchelewa," akasema. "Alichelewa sehemu ya tatu, Nahodha akafungwa. Alichelewa sehemu ya tisa, mwezi ukalipuka. Siku akija mapema ndiyo tuseme huyu si yeye, ni mwingine kavaa sura yake."

Ukumbi ukacheka. Walicheka huku wanapangusa pua, lakini walicheka, na kicheko kile kilimfikia mzee pale alipo kikamshika. Mabega yakarudi mahali pake.

"Haswa!" akasema. "Huyo ndiye yeye! Hamjui nyinyi, alichelewa hata kwenye harusi yake mwenyewe. Tulianza kula! Bwana harusi akakata keki na mimi!" Alicheka, kisha akatazama mlango wa ukumbi. "Mtu mwema sana, Marguerite. Nilipokuwa nasahau maneno alikuwa ananinong'oneza bila kufungua midomo. Hakuna aliyejua. Akifika, mwambieni nilimngoja."

"Tutamwambia, Nahodha," Clive akasema.

Walisimama wote. Makofi yale hayakuwa ya mchezo, wala hayakuwa ya kumhurumia mtu. Yalikuwa ya Nahodha. Mzee akainamisha kichwa kama alivyofundishwa ujanani, akachukua kikamulio cha malimau mezani, akakitumbukiza mfukoni mwa koti, akashuka ngazi moja moja kama mshindi. Tuzo haikutolewa. Hakuna aliyeidai. Philippa alikuwa amekaa na mikono usoni, analia chini ya chujio la bluu. Aliwaogopa watu hawa maisha yake yote kwa sababu ya macho yao makali, na macho yale yale ndiyo yaliyomsitiri baba yake.

Jioni, kwenye maegesho, mzee ameshaketi ndani ya gari na mkanda umefungwa, Philippa akamvuta Clive kando.

"Mlijua."

"Tangu aliponiita Gerald. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, dada, miaka minne."

"Mimi kila siku namsahihisha." Akatazama kule garini. "Nadhani namsaidia."

Clive akajikuna upara. "Mimi pia nilimsahihisha mama, mwaka mzima. Nikawa nampokonya kile kidogo alichobaki nacho. Unajua, hapa watu wanatucheka, wanadhani hatuoni maboksi. Tumeyaona maboksi, dada! Nani ameyaona kuliko sisi? Ila tunaipenda *Tamarisk*. Basi tunaitafutia njia."

"Limau lenu analo mfukoni. Ngoja nikuletee."

"Acha. Yeye ndiye mwamuzi. Akimwona mshindi atampa." Clive akamwangalia juu ya kichwa. "Lakini hilo chujio nitaliomba. Ni mali ya chama."

Philippa akalivua na kucheka, na kucheka kulimuuma kifuani kama mtu aliyekimbia.

Walitoka Wolverhampton giza linaanza kuingia, mvua nyembamba inagonga kioo. Mzee aliegemeza kichwa kwenye kioo. Philippa akadhani amelala. Walipopita mzunguko wa mwisho na kushika barabara ya nyumbani, akajitikisa.

"Mama yako atanichinja leo," akasema. "Nilimwambia nitarudi kabla ya chai ya jioni."

Mdomo wa Philippa ulifunguka wenyewe. Baba, Mama ame... Ulikuwa umeshazoea njia ile. Akaufunga. Wipa zilipita mara kadhaa huku anatafuta maneno ya kuziba. Kilichoonekana kimeonekana: jeneza aliliona, mvua ya siku ile aliiona, hawezi kusema havikutokea na wala hatasema. Hakuna aliyekosea. Basi kilichobaki ni nini ndani ya Winifred ambacho ni kweli, na baba anaweza kukishika bila kuumia?

"Mama hakuwahi kukugombeza kwa ajili ya *Tamarisk*, Baba," akasema polepole. "Hata siku moja. Unakumbuka alivyokuwa anakuwekea chakula? Sahani juu ya sufuria ya maji ya moto, na sahani nyingine juu yake."

Mzee akafikiri. "Na maharage yanakauka pembeni."

"Yanakauka pembeni. Mimi nikitaka kuyadokoa ananipiga vidole na kijiko. 'Hayo ni ya Nahodha.'"

"Hayo ni ya Nahodha," mzee akarudia, na akacheka kidogo puani. "Ningekula yamekuwa mawe. Nilikula yamekuwa mawe! Halafu anakaa ng'ambo ya meza ananitazama mpaka nimalize, hata kama ni usiku. Hakuniacha nile peke yangu, mama yako."

"Hakukuacha, Baba."

Taa za magari zilikuja na kupita. Hakulia mzee, na hakuuliza lini. Alikaa akitazama mvua kama mtu aliyeshiba, kisha akaanza kuhangaika na mfuko wa koti, anavuta kitu kilichonasa kwenye kitambaa. Kikatoka: Limau la Fedha. Akakiweka mapajani mwa binti yake, kizito na baridi, rangi ya fedha imebanduka kwenye kingo.

"Umeziba vizuri," akasema. "Kuliko yule mwenye ndevu."

Philippa akageuka. Uso wa mzee ulikuwa umetulia, macho yake yako mbele, na yalikuwa macho ya baba yake, yote mawili, kamili.

"Baba? Wewe unajua kwamba Mama..."

"Tazama barabara, Pippa," mzee akasema.

Akatazama barabara, ingawa kwa muda hakuiona.